Meno ya Olduvai: Jinsi Wanasayansi Wanavyotambua Mkono Alioutumia Binadamu wa Kale

Mganga wa meno anayefanya kazi katika Jiji la Arusha, au katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, huzoea mapema kusoma alama za meno. Miamba ya volkeno ya eneo hilo huyatia maji ya chemchemi na visima vingi madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya kudumu yanajengeka chini ya ufizi, huota meno yenye mistari myeupe, mabaka ya kahawia na pengine vishimo. Mistari hiyo hulala kimshazari kidogo au mlalo, ikifuata tabaka ambazo jino lilijengeka kwazo. Daktari hajamwuliza mgonjwa neno, lakini jino limekwisha kumwambia maji aliyokunywa utotoni.

Umbali wa takriban kilomita 200 kwa barabara kutoka jijini, ndani ya mkoa huohuo wa Arusha, ustadi wa namna hiyo umetumika kujibu swali jingine kabisa: binadamu aliyeishi Olduvai miaka takriban milioni 1.8 iliyopita alitumia mkono upi? Jibu lililochapishwa mwaka 2016 lilihusu taya moja tu la juu, lijulikanalo kwa namba OH 65, nalo lilikuwa kwamba mwenye taya hilo alitumia mkono wa kulia. Wakati lilipotolewa, hakukuwa na ushahidi wa kale zaidi ya huo kuhusu mkono wa mtu mmoja mahususi katika jenasi ya Homo. Makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo lilivyopatikana, lina nguvu kiasi gani, na linaishia wapi.

Kwa nini swali la mkono lina uzito

Katika jamii zote zilizochunguzwa, watu wanaotumia mkono wa kulia kwa kazi za ustadi ni wengi kuliko wa kushoto, kwa kadiri ya watu tisa katika kila kumi. Lugha nazo zimelihifadhi jambo hilo. Kwa Kiswahili, mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Huitwa pia mkono wa kuume, na wa kushoto huitwa mkono wa kike. Wamaasai, ambao ardhi yao inaizunguka Olduvai, huligawa rika la vijana wanaotahiriwa katika mafungu mawili, la mkono wa kulia na la mkono wa kushoto, na la kulia ndilo linalotangulia.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba wingi huo wa mkono wa kulia umeletwa na malezi, kwa kuwa mtoto hufunzwa mkono wa kulia tangu anapoanza kushika kijiko. Malezi yana sehemu yake, lakini si yote. Watafiti wa Belfast waliowatazama watoto wakiwa bado tumboni, kwa kipimo cha ultrasaundi, na kisha kuwafuatilia walipokua, waliripoti mwaka 2005 kwamba watoto wote 60 walioonekana wakinyonya dole gumba la kulia walitumia mkono wa kulia baadaye. Kati ya 15 walionyonya la kushoto, 10 walikuwa wa mkono wa kushoto na watano wa kulia. Kwa hiyo mtoto wa mashoto hakujifunza tabia mbaya mahali popote. Alikuja nayo duniani, na kumchapa vidole darasani ni kuuadhibu mwili kwa jinsi ulivyojengeka.

Uzito wa pili wa swali hili uko katika ubongo. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayouongoza mkono wa kulia, na kwa watu walio wengi nusu hiyohiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya lugha. Uhusiano wa mambo hayo mawili si wa moja kwa moja: hata kati ya watu wa mkono wa kushoto, wengi lugha yao iko upande wa kushoto wa ubongo, takriban saba katika kila kumi. Hata hivyo, kugawana kazi kwa nusu mbili za ubongo ni sifa kubwa ya binadamu, na mkono ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sifa hiyo huacha alama inayoweza kudumu ardhini. Ubongo huoza, na sauti haiachi kitu.

Mifupa ya mkono yenyewe

Mtu angetarajia kwamba swali la mkono lijibiwe na mifupa ya mkono. Olduvai imetoa mifupa hiyo. Mwaka 1960 familia ya Leakey ilipata huko mabaki ya mtoto aliyepewa namba OH 7, pamoja na taya la chini, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier waliyatumia mabaki hayo kuitangaza spishi mpya, Homo habilis, jina lenye maana ya mtu mwenye ustadi. Lakini mifupa ile iliyompatia jina la ustadi wa mikono haikuweza kusema ni mkono upi uliokuwa na ustadi zaidi. Ili kulijua hilo kwa njia ya mifupa, pande zote mbili za mtu mmoja lazima ziwepo na zilinganishwe, mfupa kwa mfupa.

Msingi wa ulinganisho huo ni kanuni inayofahamika kwa kila mwanafunzi wa tiba: mfupa ulio hai hujijenga kadiri ya mzigo unaoubeba. Mfano ulio wazi umetoka kwa wachezaji wa tenisi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1977 ulionyesha kwamba kwa wachezaji wanaume wa daraja la juu, ukuta wa mfupa wa mkono wa juu upande wa kushikia raketi ulikuwa mnene kuliko wa upande wa pili kwa karibu asilimia 35. Mtu anayerusha mkuki, anayepasua mawe au anayechimba kwa mkono mmoja miaka mingi anaweza kuacha tofauti kama hiyo, ingawa ndogo zaidi.

Kisukuku kinachofaa zaidi kwa kipimo hiki katika Afrika Mashariki ni kile cha kijana wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu. Aliishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita, na mifupa yake imehifadhika kwa ukamilifu ambao ni nadra kwa umri huo. Wachunguzi wake waliona kwamba mtulinga wake wa kulia ulikuwa na eneo kubwa zaidi la kushikia msuli wa bega, na mmoja wa mifupa ya kigasha cha kulia ulikuwa mrefu kuliko mwenzake wa kushoto. Walihitimisha kwamba alikuwa wa mkono wa kulia. Baadaye wengine walihoji kama uti wa mgongo wa kijana huyo ulikuwa na hitilafu, na swali hilo likaingia katika kila kipimo cha ulinganifu wa mwili wake, maana mgongo uliopinda unaweza kuzifanya pande mbili za mwili zitofautiane bila mkono kuhusika. Mjadala wa mgongo huo umekwenda mbele na kurudi nyuma. Kwa upande wa mkono, fundisho lake ni kwamba mfupa hubeba historia ya mwili mzima kwa pamoja, na kuitenga sababu moja ni kazi ngumu.

Mawe

Njia ya pili huuacha mwili kando na kutazama kazi yake. Nicholas Toth, mtaalamu wa zana za mawe, alifanya uchunguzi wake Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kwa kujifunza kwanza kupasua mawe mwenyewe. Mpasuaji wa mkono wa kulia hushika nyundo ya jiwe kwa mkono wa kulia na jiwe linalopasuliwa kwa mkono wa kushoto. Kila akibandua kibanzi, hulizungusha kidogo jiwe lililo katika mkono wa kushoto kabla ya kupiga tena.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili kwa kiazi na kisu. Akishika kiazi kwa mkono wa kushoto na kubandua vipande kimoja baada ya kingine kuzunguka ukingo, ataona kwamba mara nyingi hukizungusha kiazi upande uleule. Kipande cha pili hubeba ganda upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili ganda liliondoka na kipande cha kwanza. Upande wenye ganda hutegemea kiazi kimezungushwa kuelekea wapi. Vibanzi vya mawe ni vivyo hivyo: jiwe la mtoni lina ganda lake la nje lililochakaa, na mabaki ya ganda hilo juu ya kibanzi huonyesha mzunguko.

Katika majaribio yake, vibanzi vyenye ganda upande wa kulia vilikuwa 56 kwa kila 44 vya kushoto. Katika vibanzi vya kale vya Koobi Fora, vya kati ya miaka milioni 1.9 na milioni 1.4 iliyopita, uwiano ulikuwa 57 kwa 43. Toth alichapisha matokeo hayo mwaka 1985, akipendekeza kwamba waliotengeneza zana hizo walipendelea mkono wa kulia.

Ubishi ulianza mwaka uliofuata. Wapasuaji wengine wenye uzoefu walisema kwamba mtu wa mkono wowote anaweza kulizungusha jiwe upande wowote, kwa kufuata umbo la jiwe kuliko desturi ya mkono. Hoja hiyo ni nzito, kwa sababu tofauti kati ya 57 na 43 si kubwa, na mtindo wa kazi unaweza kuizaa bila mkono kuhusika. Kuna udhaifu mwingine pia. Rundo la vibanzi haliwezi kugawanywa kwa watu. Hakuna ajuaye kama ni kazi ya mtu mmoja aliyekaa hapo alasiri nzima, au ya watu thelathini kwa miaka mia.

Taya la OH 65

Meno yanao ubora ambao mfupa na jiwe havina. Taya moja ni la mtu mmoja, hivyo hakuna shaka ya mwenyewe ni nani. Enameli, tofauti na mfupa, haina chembe hai za kujitengeneza upya. Mkwaruzo ulioingia hauzibwi, bali hubaki hadi usagike polepole. Tena enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kwa hiyo hudumu ardhini wakati mengine yameliwa. Lakini ugumu wake una mpaka, na jiwe aina ya kwatsi ni gumu zaidi yake. Watu wa Olduvai walitumia sana miamba ya kwatsi kutoka kilima cha Naibor Soit kutengenezea zana zao.

Wazo la kutafuta mkono katika meno lilitokana na namna ya kula. Mlaji huuma ncha ya kipande kikubwa cha nyama kwa meno ya mbele, hukivuta kwa mkono mmoja mpaka kikazike, kisha hukikata karibu na midomo kwa chombo kilicho katika mkono wa pili. Wainuiti wa nchi za barafu wanajulikana kwa ulaji huo, na mtu aliyepata kukaa na wafugaji wakila nyama ya kuchoma porini, kisu mkononi, hatauona kuwa mgeni. Mara mojamoja chombo huteleza na kugusa uso wa jino. Kwa kuwa mkono haushuki wima kabisa, mkwaruzo unaobaki huinama kwa kuufuata mkono huo. Mkono wa kulia huacha zaidi mikwaruzo ambayo wataalamu huiita ya mwinamo wa kulia, na wa kushoto huacha kinyume chake.

Hilo si dhana tu. José María Bermúdez de Castro na wenzake nchini Hispania walichapisha mwaka 1988 utafiti wa meno ya kale ya Ulaya uliofungua njia hii, na majaribio yalifanywa ambamo watu walivaa kikinga meno mdomoni, wakashika kitu kwa meno na kukikata kwa zana ya jiwe. Waliotumia mkono wa kulia waliacha juu ya kikinga mikwaruzo yenye mwinamo wa kulia.

Taya la OH 65 lilipatikana mwaka 1995 upande wa magharibi wa Olduvai na kikosi kilichoongozwa na Robert Blumenschine, akiwamo Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na lilitangazwa rasmi mwaka 2003. Lina meno yake yote ya juu. Lilipatikana pamoja na zana za mawe na mifupa ya wanyama, na wengi huliweka katika Homo habilis, ingawa mjadala wa majina ya spishi za wakati huo haujakwisha. Miaka ilipita kabla ya David Frayer wa Chuo Kikuu cha Kansas na wenzake kuyachunguza kwa hadubini meno yake ya mbele, mkwaruzo mmoja mmoja.

Walihesabu mikwaruzo 559. Karibu nusu yake ilikuwa ya mwinamo wa kulia. Iliyobaki iligawanyika kati ya wima, mlalo na mwinamo wa kushoto. Kabla ya kutaja mkono, ilibidi maelezo mengine yaondolewe, na hapa ndipo kazi yao inapofanana sana na ya mganga wa meno wa Arusha aliye mbele ya mgonjwa mwenye meno yaliyobadilika. Je, alama zilitokana na ukuaji wa jino? Alama za ukuaji, pamoja na zile za floridi, hufuata tabaka za jino, hazilikatizi kwa mwinamo. Je, zilitokana na mchanga wa mtoni baada ya kifo, au na kwato za wanyama waliokanyaga? Alama za namna hiyo hutapakaa ovyo, huelekea kila upande na hugusa nyuso zote za jino. Je, zilitokana na chakula chenye chembechembe ngumu? Chakula kinachotafunwa huacha alama zake kuu katika magego, juu ya uso wa kutafunia. Mikwaruzo ya OH 65 ilikuwa katika meno ya mbele, na katika uso ulio upande wa midomo. Ilikuwa na mwelekeo unaojirudia. Maelezo ya mkono uliokuwa ukikata mbele ya kinywa ndiyo yaliyobaki yakiwa na nguvu.

Linafaa kutajwa jambo moja dogo ambalo lugha yetu hulionyesha vyema. Watafiti walitaka kujua mkono wa kutengenezea na kutumia zana, lakini walichokipata ni mkono wa kulia kwa maana yake ya asili: mkono uliokuwa ukipeleka makali kinywani mwake wakati wa chakula.

Mtu mmoja si jamii

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu habari za uvumbuzi huo zilipoenea, wengi walisoma kwamba binadamu wa miaka milioni 1.8 iliyopita walikuwa watu wa mkono wa kulia. Taya moja haliwezi kusema hivyo, na watafiti wenyewe walilikiri jambo hilo.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme katika jamii ya Olduvai mkono haukuwa na upande uliopendelewa, nusu ya watu wakitumia kulia na nusu kushoto. Basi uwezekano kwamba taya la kwanza litakalookotwa liwe la mtu wa kulia ni nusu, sawa na kurusha sarafu. Tuseme kinyume chake, kwamba jamii ile ilikuwa kama yetu, tisa kwa mmoja. Taya la kwanza la mtu wa kulia ndilo linalotarajiwa. Kwa hiyo OH 65 inakubaliana na mawazo yote mawili. Yakipatikana mataya matano na yote yawe ya kulia, wazo la nusu kwa nusu litakuwa na nafasi ya 1 katika 32 tu. Mataya kumi, 1 katika 1,024. Na onyo la upande wa pili: hata katika jamii ya tisa kwa mmoja, mataya kumi yanaweza kukosa mtu wa mashoto hata mmoja, na hilo hutokea karibu mara moja katika kila tatu. Kutokumwona wa kushoto katika mkusanyo mdogo si uthibitisho kwamba hakuwepo.

Barani Ulaya mkusanyo umekwisha kuwa mkubwa kiasi. Meno ya Sima de los Huesos, pango la kaskazini mwa Hispania lenye mabaki ya miaka takriban 430,000, pamoja na ya Waneanderthali wa Krapina nchini Kroatia na wa maeneo mengine, yanaonyesha watu wa mkono wa kulia zaidi ya asilimia 90 ya waliopimika, na wachache wa kushoto wakiwamo. Hapo mtu anaweza kusema kuhusu jamii, na anaweza kusema kwamba uwiano wetu wa leo ulikuwapo tayari. Kati ya Olduvai na Sima kuna pengo la zaidi ya miaka milioni moja.

Pengo jingine liko upande wa nyuma, na ushahidi wake uko Tanzania pia, katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Sokwe wa Gombe huvua mchwa kwa vijiti, kazi inayohitaji mkono mwangalifu. William McGrew na Linda Marchant waligundua kwamba kila sokwe huwa na mkono wake, tena kwa msimamo mkubwa. Asubuhi hadi jioni ni uleule. Lakini sokwe mmoja huwa wa kulia na mwenzake wa kushoto. Elizabeth Lonsdorf na William Hopkins, waliochapisha mwaka 2005, waliona kwamba katika kazi hiyo ya mchwa wale wa kushoto walikuwa wengi zaidi, ilhali katika kazi nyingine na katika vikundi vingine vya sokwe mwelekeo hubadilika. Hivyo kuwa na mkono unaopendelewa ni jambo la kale kuliko binadamu. Kilicho cha binadamu ni karibu wote kuuchagua mkono mmoja, na kwa kila kazi ya ustadi. Lini hilo lilitokea ndilo swali lililo wazi, na OH 65 ni nukta moja kwenye ukurasa wa swali hilo.

Njia zisizofika

Wengine wangependa ubongo ujibu. Fuvu la ndani huacha chapa ya uso wa ubongo, na wataalamu kama Ralph Holloway wametumia miaka mingi kupima kama nusu moja imechomoza kuliko nyingine. Tofauti hizo zipo, lakini zinapatikana kwa nyani wakubwa pia, na hata kwa mtu aliye hai chapa hiyo haimwambii mpimaji kwa uhakika mkono wa mwenyewe. Wengine wangependa vinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa kutumia takwimu za watu takriban 400,000 wa Uingereza ulipata maeneo machache tu ya jenomu yanayohusiana na mkono wa kushoto, kila moja likiwa na athari ndogo sana. Hakuna jeni moja la mkono. Isitoshe, vinasaba haviwezi kudumu katika joto la Bonde la Ufa kwa miaka milioni 1.8.

Hospitalini njia ni fupi zaidi: mgonjwa huulizwa. Kabla ya upasuaji wa ubongo, na baada ya kiharusi, daktari hutaka kujua mkono ambao mgonjwa huutumia, kwa kuwa jibu humpa dokezo la upande ilipo lugha. Swali zuri zaidi katika mazingira ya Tanzania si lile la mkono wa kuandikia wala wa kulia chakula, kwa sababu hiyo ndiyo mikono ambayo wazazi na walimu huibadilisha kwa nguvu. Mkono wa kurushia jiwe, wa kupigia nyundo au wa kupigia mswaki hauamuriwi sana na watu wazima, na mara nyingi huufichua ule wa kuzaliwa nao.

Anayetaka kuanza kuona mambo haya kwa macho anaweza kwenda Makumbusho ya Elimu Viumbe, katika boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900 katikati ya Jiji la Arusha, kisha kwenye jumba la makumbusho lililo ukingoni mwa Olduvai.

Kwa wanaochimba, matokeo ya OH 65 yameongeza kazi. Zamani jino la mbele lililotoka ardhini lilipimwa upana na urefu, likapewa namba, likahifadhiwa. Sasa uso wake wa upande wa midomo ni hati inayoweza kuharibiwa na msafishaji mwenyewe: sindano ya chuma au brashi ngumu inayokwangua udongo mkavu huacha mikwaruzo mipya juu ya ile ya kale. Chini ya hadubini mkwaruzo mpya mara nyingi hutambulikana, kwa kuwa ni safi na kingo zake ni kali, ilhali wa kale umelainika na una udongo ndani yake. Lakini ukipita juu ya wa kale, umeufuta, na jino hilo haliwezi tena kuhesabiwa katika mataya matano au kumi yanayotafutwa.